Ioteshwe damu ya mtoto kwanza, ndipo akaripiwe mama

Siku hizi hapa Kisangani hata mama anayeuza pondu sokoni hulitamka neno seftriaksoni bila ulimi kujikwaa. Anakijua kichupa chake, anajua unga ule mweupe huyeyushwa kwa maji gani, anajua duka lipi la Mangobo linauza nafuu na lipi linauza dawa za kutiliwa shaka. Mwanawe akilala usiku wa pili na homa baada ya kupewa dawa ya malaria, yeye ndiye huniambia: "Mama, mwandikieni basi ile ya unga." Nasi tunaiandika.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Hospitali yangu sitaitaja, maana ninayoyaeleza yako katika hospitali nyingi, na sitaki mkubwa wangu akose usingizi kwa ajili yangu. Nimekaa wodini muda wa kutosha kuziona dawa zikichoka moja baada ya nyingine. Nilipoanza kazi, mtoto mwenye homa isiyoeleweka alipewa ampisilini na jentamisini, na kloramfenikoli ikawekwa akiba. Seftriaksoni ilikuwa dawa ya kuombewa ruhusa. Leo ndiyo ya kwanza kuandikwa, na nyuma yake hakuna kitu ambacho mzazi wa kawaida wa komuni ya Kabondo au Lubunga anaweza kukilipia.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya kuwazindua watu juu ya usugu wa vimelea kwa dawa. Huku kwetu wiki hiyo ina wimbo mmoja. Redioni: wazazi, acheni kununua antibiotiki ovyo. Kwenye mabango: malizeni dozi. Kwenye hotuba: wananchi hawaelewi. Ushauri wenyewe ni wa kweli na sina ugomvi nao. Ninachogombana nacho ni kimya cha mtoa hotuba juu ya upande wetu. Hamwambii mama yule kwamba hospitalini nako mwanawe anapewa dawa kwa kubahatisha, kwa sababu damu yake haikupimwa ikajulikana ina bakteria gani na bakteria hao wanakufa kwa dawa gani. Tunamkaripia anayenunua bila cheti, na sisi tunaandika cheti bila kujua.

Wanaowaua watoto hapa si bakteria wa ajabu. Katika eneo letu wa kuogopwa kwanza ni salmonela, na siyo ile ya kuharisha siku mbili baada ya kula mayai mabichi. Hii inaingia katika damu. Humpata mtoto wa miezi minane, wa mwaka mmoja, wa miaka miwili, tena mara nyingi bila kuhara kokote. Ana homa, viganja vimepauka, bandama imevimba, anahema mbio. Ukimtoboa kidole, malaria ipo. Basi wote tunasema ni malaria, na hatusemi uongo. Ila haikuja peke yake. Malaria inapovunja chembe nyekundu, chembe nyeupe zilizopaswa kuwameza na kuwaua bakteria hulegea, na chuma kinachotoka katika chembe zilizopasuka kinawanufaisha bakteria hao hao. Mtoto akiwa na utapiamlo juu ya hayo, mlango uko wazi kabisa.

Mwaka 2012 jambo hilo lilionekana kwa ukubwa wake. Wakati ule tulikuwa bado Mkoa wa Mashariki, kabla haujakatwa mwaka 2015 kuwa Tshopo, Ituri, Bas-Uele na Haut-Uele. Kati ya Machi na Julai malaria ilifumuka. Katika hospitali moja ya rufaa, mwezi Juni peke yake, walilazwa wagonjwa 336, wakati kipindi kama hicho katika miaka ya kabla na baada yake wastani ulikuwa 128. Watoto walikuwa weupe kwa kuishiwa damu: waliongezewa damu mara 250, badala ya 55 za kawaida. Vifo vilifika karibu 15 katika kila wagonjwa 100 waliolazwa. Kila aliyesikia habari hiyo alidai vyandarua na dawa za malaria, na alikuwa na haki. Lakini safari hii wapo waliokwenda huko na chupa za kuoteshea damu. Karibu bakteria tisa katika kila kumi waliopatikana walikuwa salmonela za aina mbili, Typhimurium na Enteritidis.

Aliyeyaandika hayo ni Dkt. Dadi Falay, daktari wa watoto wa hapa hapa Kisangani, pamoja na wenzake wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ya Kinshasa na wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Makala yao ilitoka mwaka 2016. Ndani yake kuna hesabu ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila chumba cha daktari wa zamu. Salmonela zilizokusanywa tangu Mei 2009 hadi Mei 2014 zilijaribiwa kwa dawa, na 82 kati ya 96 zilikuwa sugu kwa dawa nyingi kwa mpigo. Ampisilini, kloramfenikoli, kotrimoksazoli, zile ambazo bibi zetu walizijua kwa rangi ya vidonge, kwa salmonela hizo zilikuwa sawa na maji. Habari njema ilikuwa moja: zote zilikuwa bado zinakufa kwa seftriaksoni na azithromisini.

Bado, nimesema. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha ukoo mpya wa Typhimurium ndani ya nchi yetu hii, ambao umejilimbikizia usugu hata dhidi ya dawa hizo mbili. Ulionekana hasa upande wa magharibi. Magharibi ni mbali, lakini boti zinapanda na kushuka mto kila siku, na bakteria hakati tiketi.

Hapa niseme kidogo pembeni. Desturi ya wanasayansi ni kuipa aina mpya ya salmonela jina la mahali ilipopatikana mara ya kwanza. Katika orodha yao ndefu imo salmonela inayoitwa Stanleyville, na imo nyingine inayoitwa Kisangani. Mji wetu umeingia humo mara mbili, kwa jina la kikoloni na kwa jina lake la sasa. Miaka ya 1950 ulikuwa na maabara ya tiba iliyojulikana hadi ng'ambo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kuotesha bakteria ni mambo makubwa mno kwa mji wa mkoani.

Nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanaoitolea hukumu hawajaiona. Unaanza na chupa yenye mchuzi wa kukuzia bakteria. Kizibo chake cha mpira unakifuta kwa spiriti. Mkono wa mtoto unaufuta kwa spiriti, kisha kwa iodini, halafu unangoja ukauke. Kungoja huko ndiko kugumu, kwa sababu mtoto analia, bibi yake naye anakuhimiza, na shangazi aliyeshika tochi ya simu mkono umeshamchoka. Ngozi ikishakauka huruhusiwi tena kuupapasa mshipa kwa kidole, la sivyo utaotesha bakteria wa kidole chako mwenyewe. Unavuta mililita mbili tatu za damu, kabla ya sindano ya kwanza ya antibiotiki, si baada yake. Unaitia chupani, unaandika jina na saa, basi.

Maabara wanaiweka katika kabati la joto, nyuzi 35 hadi 37. Kila asubuhi fundi anaiinua mbele ya mwanga. Mchuzi ukiwa angavu, anairudisha. Ukiwa na ukungu, au mapovu yakipanda, kuna kitu kimeota. Anachukua tone, analipaka kwenye kioo, analitia rangi, anatazama kwa hadubini: vijiti vyekundu, au vidoto vya zambarau. Kisha anapanda tone jingine katika sahani, na kesho yake anawatandaza bakteria waliochipua juu ya sahani mpya na kupanga juu yao vidonge vya karatasi vilivyolowa dawa, kila kimoja na dawa yake. Asubuhi inayofuata, dawa inayofaa imejizungushia duara tupu. Isiyofaa, bakteria wamesongamana mpaka ukingoni mwa karatasi. Duara hupimwa kwa rula, kwa milimita. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa sahani ya mtoto wa wodi yangu, karatasi za dawa tatu za zamani zilikuwa zimefunikwa hadi ukingoni. Nilielewa kwa jicho moja kile ambacho semina nyingi hazikuwa zimeniingiza kichwani.

Sasa, pingamizi ninalolisikia kutoka kwa madaktari wenyewe, tena wazuri: majibu yanachukua siku tatu au nne, na mtoto hana siku nne. Kweli. Salmonela ya damu, hata kwa mtoto aliyefikishwa hospitali, ni ya kuua. Mwaka 2017 ugonjwa huu ulikadiriwa kuua watu 77,500 duniani, katika wagonjwa 535,000, na walio wengi walikuwa watoto wadogo wa Afrika kusini mwa Sahara. Dawa lazima ianze saa ile ile. Lakini majibu ya mtoto wa Jumatatu ndiyo yatakayomtibu wa Ijumaa. Daktari akijua kwamba salmonela za mwezi huu zinasikia dawa fulani, anaanza na dawa hiyo, na kubahatisha kunapungua. Tena majibu yanatupa kitu ambacho sasa hatuna kabisa, nacho ni ruhusa ya kuacha. Chupa isipoota kitu na mtoto ameamka anadai uji, unaweza kuikata seftriaksoni siku ya tatu. Pasipo chupa hakuna anayethubutu. Mtoto anamalizia siku saba, kumi, za dawa ambayo huenda hakuihitaji, na bakteria wa tumboni mwake wanapata darasa la bure.

Na bakteria wa tumboni ndio wanaotuumiza katika chumba cha wachanga. Hapo mgeni wetu si salmonela bali klebsiela na jamaa zake, na huyo mara nyingi hakutoka mtaani. Tumempa sisi, kwa mikono yetu. Nimefanya kazi zamu ambayo bomba lilikauka tangu alfajiri na ndoo moja ya maji ikanawia mikono ya watu wote, watoto wawili katika kitanda kimoja, mpira wa dripu umefungwa kwa plasta iliyolowa. Mama wa kitanda cha jirani humsaidia mwenzake kumbadilisha mtoto nepi, kwa wema wake, kisha anamnyonyesha wa kwake. Mwambie mama huyo amalize dozi, kisha uniambie umezuia nini.

Wenzetu wa Dar es Salaam walikwisha kuhesabu. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, watoto waliolazwa kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002 walifuatiliwa kwa kuoteshewa damu. Waliokutwa na bakteria wa kundi la Gram hasi, ambalo salmonela na klebsiela zimo, walifariki 43.5 kwa mia. Waliokuwa na malaria walifariki 20.2 kwa mia. Na walioangukia mikononi mwa bakteria sugu, wakapewa dawa isiyowafaa, hatari yao ilizidi. Bila zile chupa, wengi wa watoto hao wangeandikwa "malaria kali" katika daftari la vifo, kama wanavyoandikwa wa kwetu.

Hata lawama za sokoni nazo zina mgeni ambaye mabango hayamtaji. Kuanzia Aprili 2016 hadi Desemba 2018, Dkt. Falay na wenzake walitega mitego 1,650 katika masoko matano na machinjio ya Kisangani. Walinasa panya 566. Waliobeba salmonela walikuwa 46, na watatu kati yao walikuwa na ile Typhimurium ya kuingia damuni, tena imejificha katika viungo vya ndani, siyo kwenye kinyesi. Kisha wakailinganisha na ile iliyotoka katika damu ya wagonjwa wa Hospitali ya Chuo Kikuu. Kati ya sampuli 16 za watu, 12 zilifanana kinasaba na za panya hao. Nyingi za ukoo huo zilikuwa sugu. Salmonela nyingine zote za panya zilikufa kwa kila dawa. Nani alimwambukiza nani, panya au binadamu, si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba panya wa sokoni hajawahi kununua kidonge dukani wala kuacha dozi katikati, na ukoo sugu anao. Taka zinazorundikana nyuma ya meza za samaki haziwezi kuondolewa kwa kumkaripia mama mwenye meza, anayelipa ushuru wa soko kila siku ya Mungu.

Nirudi kwa mama huyo kuhusu pesa, maana hapo ndipo tunapomwonea zaidi. Kwetu familia inanunua karibu kila kitu: glavu, sindano, mpira wa dripu, maji ya dripu, dawa. Tunamwandikia orodha, anatoka nayo getini, anapanda toleka, baiskeli ya abiria. Seftriaksoni ya siku saba hawezi kuilipa kwa mara moja, basi ananunua ya leo. Kesho baba akipata kibarua bandarini ananunua ya kesho. Asipopata, siku inapita. Nimemwona mama amekaa ukingoni mwa kitanda, noti amezikunjua mapajani, anahesabu mara ya pili na ya tatu kana kwamba zitaongezeka. Mtu anayesimama mbele yake na kusema dozi haikukamilika kwa sababu ya ujinga, mimi simwelewi.

Tunalofanya sasa ni kutegemea miradi. Yote tunayoyajua juu ya salmonela ya Kisangani, tarakimu zote za kwetu nilizozitaja hapo juu, yametokana na ufuatiliaji ulioendeshwa na INRB kwa ushirikiano na Wabelgiji. Ninawashukuru kwa dhati. Bila wao tungekuwa gizani kabisa. Ila utafiti una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na watoto hawaugui kwa tarehe za mkataba. Chupa zikiisha, tunarudi kwenye ile ya unga na kuomba Mungu. Kipimo cha malaria kinapatikana hadi katika kituo cha afya cha mwisho cha barabara ya Ituri. Kuotesha damu hakujafika hata katika hospitali zote za komuni zetu sita.

Najua kwamba kuikata malaria kwenyewe ni dawa. Kilifi, pwani ya Kenya, malaria iliposhuka kati ya 1999 na 2007, watoto waliolazwa na bakteria katika damu walipungua vilevile. Kongo ilianza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2024, kuanzia upande wa Kongo Central. Imfikie kila mtoto wa Tshopo. Lakini Kilifi walijua kwamba bakteria wamepungua kwa sababu walikuwa wakiotesha damu ya kila mtoto aliyelazwa, mwaka baada ya mwaka. Sisi hata neema ikitushukia hatutakuwa na cha kuihesabia.

Basi ninaloliomba kwa wabunge wa mkoa, nikijua kuwa wananisoma wachache, ni mstari mmoja katika bajeti. Siombi jengo, jengo litazinduliwa, litapakwa rangi, litafungwa. Naomba chupa, sahani, karatasi za dawa, na mishahara ya mafundi wanne watano. Vijana wa maabara wanahitimu ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, hapa mjini kila mwaka. Namfahamu mmoja anayeuza vocha za simu karibu na posta. Umeme wa bwawa la Tshopo unakatika, hilo ni kweli, kwa hiyo kabati la joto lipate betri na paneli za jua, kama tulivyofanya kwa friji za chanjo. Madaktari Wasio na Mipaka wameshatengeneza maabara ndogo ya bakteria inayosafiri ndani ya masanduku, kwa mahali pagumu kuliko hapa. Maabara iwe moja tu, mahali pamoja, na chupa zikusanywe kila asubuhi kutoka komuni za Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na Kisangani kwa pikipiki moja. Za Lubunga zitavuka mto. Mwenye mtumbwi alipwe kwa mwezi, na malipo yake yaandikwe katika mstari huo huo, kwa sababu nikiangalia mambo yetu yalivyo, nauli ya huyo ndiyo itakayosahauliwa kwanza.